Bastola mpya ya .22 ya shabaha inagoma? Haya ndiyo ya kuangalia kabla hujairudisha dukani

Bastola ya shabaha ya .22 siku ya kwanza inampa mtu raha na hasira kwa mpigo. Raha kwa sababu triga ni nyepesi na inakatika safi, mtutu ni mzito mbele kwa hiyo mkono unatulia, teke lake dogo mpaka unaiona nukta ya kioo cha kulengea inaruka kidogo na kurudi palepale, na matundu kwenye karatasi yanakaa karibukaribu kuliko ulivyozoea na 9 mm. Halafu katikati ya hiyo raha, tik, kimya. Unatoa ile risasi, unaendelea, mbele kidogo ganda limesimama dirishani, pale maganda yanapotokea, limebanwa na bolti, kile chuma kinachokwenda nyuma na mbele kila ukipiga, mbele tena risasi imeingia nusu na imegoma kuendelea. Hapo ndipo watu wanaanza kusema nimeuziwa kimeo, wengine wanataka kuirudisha dukani na wengine, hili linaniumiza zaidi, wanaagiza springi na triga za kubadilisha wakati bastola haijachafuka hata mara moja.

Subiri kwanza. Bastola mpya ya .22 ikigoma, wa kushukiwa wa kwanza ni risasi, wa pili uchafu na grisi ya kiwandani, wa tatu magazini, wa nne mkono wako, na bastola yenyewe inakaa mwisho wa foleni. Ukifuata mpangilio huo na kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, utajua ugonjwa ni upi. Ukibadilisha risasi na springi na mafuta siku hiyo hiyo ikapona, hujui kilichoiponya, na ikirudi tena kugoma huna pa kuanzia.

Mimi naishi Ohio, huku ndiko uliko uwanja wa shabaha wa Camp Perry ambako mashindano ya taifa ya Marekani yamekuwa yakipigwa tangu 1907, kwa hiyo kwenye klabu ndogo tu unakutana na wazee wanaopiga ule mchezo wa mkono mmoja: risasi 10 za taratibu kwa dakika 10 kwenye yadi 50, halafu 5 kwa sekunde 20, halafu 5 kwa sekunde 10 kwenye yadi 25. Kwenye sekunde 10 bastola inayogoma ni mfululizo umeharibika, ndiyo maana hao wazee wanajua magonjwa ya .22 vizuri sana, na mengi nitakayoandika hapa ndiyo utawasikia wakiyasema wenyewe. Kwa walioko Kenya na Tanzania ambako silaha na risasi vyote vinapita kwenye kibali, najua huwezi kujinunulia aina sita za risasi za kujaribu, kwa hiyo kwenu upande wa usafi na magazini ndio una uzito mkubwa zaidi, usiuruke.

Usalama kwanza, na hili ni la kila mara. Bastola ikigoma mtutu unabaki umeelekea kwenye shabaha, kidole nje ya triga. Kama umesikia tik bila mlipuko, shikilia hivyohivyo uhesabu sekunde 30 kwa sababu kuna risasi zinazochelewa kuwaka. Halafu toa magazini, vuta bolti nyuma, angalia chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa macho na uiguse kwa kidole. Miwani na vifunika masikio haviondoki usoni mpaka bastola iko tupu mezani, maana .22 ganda lake ni jembamba na likipasuka linarusha gesi na vipande.

Kwa nini .22 ina madeko

Risasi ya .22 Long Rifle ni ya 1887, ilitoka kwa kampuni ya Stevens huko Marekani, na mpaka leo imejengwa vilevile. Baruti ya kuwashia haipo katikati kama kwenye 9 mm, imemwagwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, kiwandani wanaizungusha mpaka inajaa kwenye ukingo wote. Sasa kama haikuenea sawasawa kuna sehemu ya ukingo haina kitu, pini ikigonga hapohapo hakuna kinachowaka hata kama bastola ni ya dola elfu mbili. Pili, kichwa chake ni cha madini laini ya risasi kilichopakwa nta kwa nje, na hiyo nta inabaki kwenye chemba, kwenye magazini na kwenye njia ya kupandia. Tatu, bastola nyingi za .22 hazina kitu kinachofunga bolti, ganda lenyewe ndilo linalosukuma bolti kurudi nyuma, na kinachozuia ni uzito wa bolti na springi basi. Nguvu ya risasi ikiwa ndogo, au springi bado ngumu, au kuna grisi nzito, bolti hairudi mpaka mwisho.

Ukiyashika hayo matatu, nusu ya matatizo yanajieleza yenyewe.

Kabla ya risasi ya kwanza

Bastola ikitoka kwenye boksi imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, sio mafuta ya kufanyia kazi. Yatoe. Fungua bastola kama kitabu chake kinavyosema, pitisha kitambaa chenye dawa ya kusafishia kwenye mtutu, safisha chemba, safisha uso wa bolti, chokonoa ile ndoano ndogo inayokamata ganda, futa kila kitu kikauke halafu weka tone moja moja la mafuta mepesi kwenye reli ambazo bolti inapita. Chemba ibaki kavu. Watu wanapenda kuilowesha .22 wakidhani itateleza vizuri, kumbe mafuta yakikutana na nta na masizi yanageuka tope zito na bastola inaanza kuchoka kabla hata boksi la kwanza halijaisha.

Kufungua siku hizi ni rahisi. Ruger walianza na bastola ya namna hii mwaka 1949, na matoleo ya zamani mpaka Mark III yalikuwa na sifa mbaya ya kurudishia, mtu anafungua jioni anafunga usiku wa manane. Mark IV ya 2016 ina kitufe nyuma, unabonyeza inafunguka. Ila ukiwa na Mark IV ya mtumba angalia tarehe yake, zile zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Juni 2017 kampuni iliziita zirudi zirekebishwe kwa sababu sefti ikikaa katikati, haijawashwa wala haijazimwa, na triga ikavutwa, bastola ingeweza kufyatuka baadaye wakati sefti inasogezwa. Kama ya kwako iko kwenye kundi hilo na haijarekebishwa usiipige, wasiliana na kampuni kwanza.

Unavuta triga, tik, haiwaki

Hapa usitupe ile risasi iliyogoma, ndiyo shahidi wako. Itoe uangalie ukingo wake. Pini imeacha alama ya namna gani?

Kama alama ni ya kina, imekaa vizuri kwenye ukingo na bado haikuwaka, hiyo ni risasi. Irudishe kwenye chemba umeizungusha nusu duara ili pini igonge upande mwingine, ikiwaka ujue baruti haikuenea. Risasi za bei ya chini zinazouzwa kwa mamia kwenye boksi moja la kadibodi zina tabia hii, moja moja zinagoma na hakuna cha kutengeneza kwenye bastola.

Kama alama ni ndogo, kama ukucha umegusa tu, hapo kuna mambo mawili. La kwanza pini haipigi kwa nguvu, na kwenye bastola mpya karibu kila mara ni grisi kwenye njia ya pini, hasa ukiwa mahali pa baridi, mafuta yanaganda na pini inatembea polepole. Safisha njia ya pini, iache kavu kabisa. La pili, na hili linawapita wengi, risasi haikuwa imekaa mpaka mwisho kwenye chemba, kwa hiyo pini ilipogonga nguvu yake ikaishia kuisukuma risasi mbele badala ya kuponda ukingo. Utalijuaje? Ukigonga mara ya pili palepale bila kuizungusha ikawaka, basi pigo la kwanza lilikuwa linaisukuma tu. Fungua bastola, dondosha risasi kwenye chemba kwa mkono, inatakiwa iingie kwa kusukumwa kidogo na dole gumba mpaka ukingo ukae. Ikisimama njiani chemba ni chafu, au chemba ni ya kubana sana na risasi unayotumia ni nene, bastola za mashindano zina chemba finyu makusudi ili risasi ianze safari ikiwa imenyooka.

Na acheni kuisindikiza bolti kwa mkono jamani. Ukishaweka magazini vuta bolti mpaka mwisho uiachie ijirudie yenyewe kwa nguvu ya springi. Ukiisindikiza taratibu haifungi vizuri, unapata tik, unasema bastola mbovu.

Kuna jambo la kufyatua kavu pia. Kwenye .22 nyingi pini ikienda bila risasi inagonga ukingo wa chemba, inaacha kinundu, na kinundu hicho baadaye kinazuia risasi kuingia na ganda kutoka. Bastola za Ruger za familia ya Mark zina pini ndogo inayopita kwenye bolti ya kuzuia hilo, ila mtu akisafisha akasahau kuirudisha, ndipo chemba inapoharibika. Kwa hiyo soma kitabu cha bastola yako kinasemaje kuhusu kufyatua kavu. Hapa Marekani wengi wanatumia zile plagi za plastiki za ukutani za njano, zinaingia kwenye chemba vizuri, ni bei ya bure na pini inagonga plastiki. Ila ziwe za rangi ambayo huwezi kuichanganya na risasi hata taa ikiwa hafifu.

Ganda linasimama dirishani au haliruki

Huu ndio ugonjwa mkuu wa bastola mpya. Ganda limetoka chembani lakini bolti imelibana limesimama wima kwenye dirisha. Maana yake karibu kila mara ni kwamba bolti haikurudi nyuma vya kutosha.

Anza na risasi. Angalia mwendo ulioandikwa kwenye boksi. CCI Standard, ambayo wapiga shabaha wengi huku wanaitumia, imeandikwa futi 1,070 kwa sekunde, kama mita 326. Mini-Mag ya kampuni hiyohiyo ni futi 1,235, kama mita 376. Kwenye kupiga shabaha ile ya polepole ndiyo inapendwa, iko chini ya mwendo wa sauti, teke dogo, inakaa pamoja. Lakini bastola ikiwa mpya springi yake bado ngumu na reli hazijalainika, risasi ya polepole inaweza isiwe na nguvu ya kuizungusha. Dawa yake ni kuipigisha maboksi kadhaa ya risasi ya mwendo mkubwa, kama kitabu chake kinaruhusu, halafu urudi kwenye zile za shabaha. Mara nyingi inapona hapo na haurudii kuiona tena. Tahadhari moja tu, kuna bastola za mashindano za Ulaya zimetengenezwa kwa risasi za polepole pekee na risasi kali zinazichosha, kwa hizo kinyume chake ndicho sahihi, usizilishe risasi kali hata kama ni mpya.

Risasi ikiwa ni sawa, angalia ndoano na uso wa bolti. Masizi kidogo tu chini ya ndoano yanaizuia isikamate vizuri, kijiti cha meno kinatosha kuyatoa. Halafu angalia kama ganda linatoka chembani kabisa au linabaki. Likibaki ndani na ukingo wake umeng'atwa, chemba ni chafu au ndoano imepoteza makali. Likitoka ila halirushwi, bolti inarudi nusu.

Halafu mkono. Mtu akisikia .22 haina teke anaishika kilegevu, hasa kwa mkono mmoja, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na bolti na ile safari ya bolti inapungua. Kaza kifundo cha mkono, sio vidole, kifundo. Angalia na dole gumba limekaa wapi, kuna watu dole gumba linagusa bolti au silaidi (kile kifuniko cha juu kinachotembea kwenye baadhi ya bastola) kila risasi na hawajui. Mwambie mwenzako asimame pembeni arekodi kwa simu, utaliona.

Ya mwisho, kama umefunga kioo cha nukta nyekundu juu ya silaidi inayotembea, umeiongezea uzito na risasi ya polepole inaweza kushindwa. Kikifungwa kwenye mwili usiotembea au kwenye mtutu hakuna shida hiyo.

Risasi haipandi, inagonga njiani

Kichwa cha risasi kinagonga chini ya chemba, kinajikunja, au risasi inasimama imeangalia juu. Hapa mimi naanza na magazini moja kwa moja. Ziandike namba kwa rangi, 1, 2, 3, halafu uone inayogoma ni ipi. Ikiwa ni ileile kila mara kazi imeisha, bastola haina kosa. Midomo ya magazini ikiwa imefunguka upande mmoja utaiona ukiilinganisha na nzima.

Ila sababu kubwa ni namna ya kujaza. Magazini nyingi za .22 zina kitufe pembeni cha kushusha chini springi, na watu wanakivuta mpaka mwisho halafu wanadondosha risasi zote 10 ndani. Risasi zinalala ovyo, nyingine imeinamisha pua, ukingo wa moja umepanda nyuma ya ukingo wa nyingine, na hizo zikifika juu hazipandi vizuri. Shusha kitufe kidogo tu, kiasi cha risasi moja, weka risasi, shusha tena, weka. Ukimaliza igonge mgongo wa magazini taratibu kwenye kiganja ili risasi zikae nyuma. Kwenye mashindano unajaza 5 tu kwa hiyo hata haikuchukui muda.

Angalia magazini imeingia mpaka mwisho, kwenye bastola mpya kile kikamatio ni kigumu na unaweza kudhani imekaa kumbe bado. Safisha magazini pia, nta inajikusanya ndani, ila usitie mafuta, yatapanda kwenye risasi. Na risasi zenye kichwa bapa au chenye tundu kuna bastola hazizipendi kabisa, jaribu yenye pua ya duara kabla hujafanya lolote lingine. Risasi zilizobonyea au zinazocheza kichwa ukizigusa ziweke pembeni, .22 inaharibika hata kwa kuanguka sakafuni.

Bolti haibaki wazi risasi zikiisha

Dole gumba limekalia kile kiwiko cha kushikilia bolti, angalia hilo kwanza, kwa wanaoshika mikono miwili ndilo karibu kila mara. Likiwa siyo basi ni risasi dhaifu, bolti haifiki nyuma, au kitufe cha magazini kimechafuka hakipandi mpaka juu.

Triga imekufa, hairudi

Angalia sefti, halafu angalia magazini iko ndani. Mark IV na Smith & Wesson Victory zina kizuizi, magazini ikitoka triga haifanyi kazi, na mgeni anaweza kuhangaika sana. Kama bastola ni ya mtumba na ina triga ya kubadilisha yenye skrubu ndogo za kurekebisha, kuna uwezekano mwenyewe wa kwanza alikaza kupita kiasi ile ya mbele mpaka triga haina nafasi ya kurudi kukamata. Ilegeze robo duara ujaribu bila risasi. Usitafute triga nyepesi kuliko sheria za mchezo wako, ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, kwenye mita 25 wanataka isipungue gramu 1,000 na NRA, chama cha wenye bunduki cha huku Marekani, kwa .22 pauni 2, ambazo ni kama gramu 907. Chini ya hapo hupiti mezani kwenye ukaguzi, na kwa mtu anayeanza ni hatari tu.

Imepiga mbili kwa kuvuta mara moja

Hapa hakuna kujaribu tena uone. Toa magazini, toa risasi, ifunge, ipeleke kwa fundi wa silaha. Inaweza kuwa uchafu kwenye meno yanayoshika nyundo, inaweza kuwa meno yamelika au kuna mtu aliyapiga msasa nyumbani ili triga iwe laini. Kwa vyovyote sio kazi ya kufanyia sebuleni kwa video. Vilevile bastola inayofyatuka ukiachia bolti bila kugusa triga.

Mlio mdogo, puf

Umesikia puf badala ya mlio wa kawaida, teke halipo, shabaha haina tundu jipya. Simama. Usivute bolti ukaendelea, inawezekana kichwa cha risasi kimebaki mtutuni na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unavimba. Toa kila kitu, fungua, tazama ndani ya mtutu kwa mwanga kutokea upande wa chemba. Kwenye kupiga kwa haraka ni rahisi sana kulipita hili kwa sababu kidole kimeshazoea mdundo, ndiyo maana nalikazia.

Ganda likitoka limepasuka au limevimba kwenye kitako, na umesikia gesi usoni, hapo nayo simama. Badilisha aina ya risasi, safisha chemba, likitokea tena ni fundi.

Haigomi, ila matundu yametawanyika

Hili ndilo linalowavunja moyo watu kwenye bastola ya shabaha, kwa sababu waliinunua kwa ajili ya hilo. Kwanza tenganisha bastola na mpigaji. Weka mfuko wa mchanga mezani, kaa, egemeza mikono, piga mita 25 taratibu. Ile 10 ya shabaha ya ISSF ya mita 25 ya kupiga taratibu ina kipenyo cha mm 50, na duara la ndani kabisa mm 25. Bastola ikiweka risasi zake ndani ya ile 10 kutoka kwenye mfuko, tayari inapiga vizuri kuliko wengi wetu, na ikikaribia mm 25 usiiguse chochote, nenda kafanye mazoezi.

Zikitawanyika hata kwenye mfuko, shika bisibisi. Bastola mpya skrubu zinalegea zikianza kutikisika. Buck Mark ya Browning angalia zile zinazoshika daraja la saiti ya nyuma, Victory angalia skrubu inayoshika mtutu, na kila bastola angalia skrubu za kioo na za mpini. Mpini unaocheza kidogo tu unahamisha kila kitu, na watu wanauacha wa mwisho wakati ni sekunde chache kuukaza.

Halafu risasi. Mtutu wa .22 una risasi anayoipenda na hakuna namna ya kuijua bila kujaribu, SK, Eley, CCI, Lapua, moja itakaa pamoja na nyingine itatawanyika kwenye bastola ileile na mkono uleule, na sio lazima ya bei kubwa ishinde. Ukibadilisha aina usihesabu risasi za mwanzo, nta ya aina mpya lazima ikae kwenye mtutu kwanza, ndiyo zinatulia. Kwa sababu hiyohiyo usisugue mtutu mpaka ung'ae kila ukitoka renji, safisha chemba na bolti kila mara lakini mtutu wenyewe upe nafasi, mimi nausafisha pale tu matundu yanapoanza kufunguka. Mdomo wa mtutu uutunze sana, fimbo ya chuma ikiukwaruza pale mwisho ndio basi.

Kioo cha nukta kina vituko vyake. Nukta ukiiona kama nyota au mkia wa mdudu, piga picha kwa simu kupitia kwenye kioo, kwenye picha ikiwa ya duara basi ni jicho lako, punguza mwanga wake itakuwa safi zaidi na mpango wa kwenda kwa daktari wa macho uwepo. Nukta ikizimika inapopigwa, ni betri au mguso wa betri.

Na matundu yakikaa pamoja lakini chini kushoto, kwa anayetumia mkono wa kulia, bastola haina neno. Ni kidole kinavuta kwa kushtuka na mkono mzima unakaza kabla ya mlio. Usihamishe saiti. Mpe mwenzako akujazie magazini achanganye risasi na dami, yaani risasi bandia za plastiki, bila wewe kujua, ukikutana na dami utaiona nukta inazama mbele ya macho yako. Triga nyepesi ya bastola ya shabaha inaficha hili kwa siku chache za mwanzo, halafu linatokea, na ndipo mtu anasema bastola ilikuwa inapiga vizuri ikaharibika. Nukta kutembea tembea wakati umelenga ni kawaida, hakuna mkono unaotulia kama jiwe, wewe endelea kuvuta triga taratibu wakati inatembea ndani ya jeusi.

Ukishaona kweli ni bastola

Umejaribu risasi za aina mbili tatu nzuri, pua ya duara, chemba safi, njia ya pini kavu, magazini zote, mtu mwingine mwenye uzoefu naye ameipiga, na bado inagoma kwa namna ileile. Hapo ndiyo sasa ina kosa na una haki kamili ya kudai. Piga simu kwa waliotengeneza kabla hujafungua chochote cha ndani, maana ukishagusa triga wanaweza kukataa. Waambie namba ya bastola, aina ya risasi na mwendo wake, magazini ipi, na inagoma mwanzoni, katikati au mwishoni mwa magazini. Weka yale maganda yaliyokwama na yaliyong'atwa kwenye mfuko mdogo, piga picha za alama za pini kwa karibu. Kwa huku Marekani kampuni nyingi zitakutumia lebo ya usafirishaji na maelekezo ya kufunga, yafuate kama yalivyo, toa kioo chako na mpini wako wa ziada ubaki navyo nyumbani, na usiweke risasi hata moja kwenye boksi hilo, maganda matupu na picha vinatosha.